Zamu ya Maji ya Mama

Sijawahi kumpandishia mama sauti, lakini siku ile nilikaribia kabisa. Nilikuwa nimetoka mjini Same asubuhi na gari la Myamba, kijijini kwetu mlimani. Nikamwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nilikuwa nimeshazunguka nyuma ya nyumba kuangalia lavenda zangu.

Ilikuwa miche sita. Niliiotesha mwenyewe mjini, kwenye makopo ya rangi, na jua la Same lilipoanza kuibabua nikampelekea mama kwenye baridi ya mlimani. Aliipokea kwa furaha. Tangu baba afariki usingizi ulikuwa umemkimbia, na kifuko cha maua makavu ya lavenda nilichomwekea chini ya mto ndicho kilichomrudishia. Sasa alitaka maua ya bustanini kwake. Nilimwachia agizo moja tu: "Mama, hii itunze kama mtoto."

Yote sita ilikuwa imekufa. Majani yamegeuka kahawia, mashina meusi. Nilivuta mche mmoja, ukang'oka bila ubishi, mizizi imeoza inanuka tope. Nilipigwa na butwaa, kisha hasira ikanipanda. Lavenda ni mmea wa mahali pakavu, na hakuna kinachoiua upesi kama maji. Udongo ule ulikuwa unateleza, tena kiangazi, wakati njia nzima niliyopita ilikuwa vumbi tupu.

Nilishindwa kuelewa maji yalikotoka. Kiangazi kwetu hakuna anayechezea maji. Yanakusanywa kwenye ndiva, lile bwawa letu la kijiji, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyaelekeza shambani kwa mfereji. Zamu ikipita, unasubiri siku kadhaa.

"Mama, haya maji umeyatoa wapi?"

"Si ni zamu yangu ya mfereji," akasema. "Nimeileta yote hapa. Kila nikiangalia naona inasinyaa, nikajua bado ina kiu, nikaiongezea."

Yote? Niligeuka kutazama ng'ambo ya ua, upande ambao sikuwa hata nimeutupia jicho tangu nifike. Shamba lake la tangawizi lilikuwa limelala chini, njano mwanzo mpaka mwisho. Tangawizi hiyo ndiyo iliyotusomesha sote.

Nilikaa palepale kwenye tope. Hasira ilinitoka nikabaki na aibu. Mimi ninayejua udongo wa lavenda, mbolea yake na siku ya kukata maua yake, sikumwambia neno moja lililohitajika: usiinyweshe.

Mama alidhani naililia miche. "Nisamehe, mwanangu," akasema, "nimekuulia." Akaingia ndani kunichemshia chai.

Ilikuwa na tangawizi, kama siku zote nyumbani kwetu. Nikaisifu, ilimradi niwe na la kusema. Mama akatazama pembeni, akaniambia ameinunua sokoni.