Kilio Kilichotoka Nyuma ya Watazamaji

Katika kundi la maigizo la Santa Inés, mwalimu Otilia Xicale aliweka kanuni moja ambayo hata padri aliijua: mzuka hukopwa kwa wafu, haukopwi kwa walio hai. Ukiigiza Mama Mliaji, mwigize yule wa mababu, aliyewazamisha wanawe mtoni na sasa anawatafuta gizani kwa mayowe. Usimwigize mjane wa jirani. Kwa kosa hilo Otilia aliwahi kumfukuza mpwa wa padri mwenyewe, na padri akanyamaza.

Kisha Otilia akaivunja kanuni hiyo kwa mkono wake, akijua anachokifanya.

Aliishi na mdogo wake, Eufrasia, katika nyumba ya marehemu baba yao karibu na daraja. Eufrasia alikuwa mwoka mikate, mtu wa maneno machache, na watoto wa mtaa walimwita Mliaji. Jina hilo lilikuwa na historia. Katika ujana wake alizaa na Crisóforo Arrieta, mwana wa mwenye duka la dawa, aliyemwahidi ndoa huku akiposa kwingine. Mtoto akashikwa na homa msimu wa mvua. Eufrasia akambeba hadi kwa akina Arrieta kuomba pikapu ya kumpeleka hospitali. Mlango ulipofunguliwa, alimwona Crisóforo mezani pamoja na mchumba wake na wakwe. Naye Crisóforo akasema, bila hata kuinuka, "Huyu mwanamke simjui. Fungeni mlango, mvua inaingia."

Mtoto alifia darajani, mikononi mwa mama yake, na kilio cha Eufrasia kiliamsha mtaa mzima. Siku tisa za sala za matanga hazijaisha, ulimi wa mji ulikuwa umeshamaliza kazi yake: eti amemtupa mtoto majini, kama yule wa hadithi. Yaliyosemwa pale mlangoni Eufrasia alimsimulia dada yake mara moja tu, akamwomba yaishie kwake.

Yaliishia kwake mpaka mwaka ule Don Crisóforo, sasa mwenye duka na mvi za heshima, alipochaguliwa kuwa msimamizi wa sikukuu ya mtakatifu. Otilia alimwona kanisani ameishika fimbo ya fedha ya msimamizi, watu wakimpisha. Alirudi nyumbani, akaketi, akaanza kuandika.

Katika tamthilia yake Mama Mliaji hakuwazamisha watoto, wala hakuwatafuta. Alimtafuta mwanamume aliyemfungia mlango. Kila Siku ya Wafu, marehemu wanaporudi kuzuru nyumba zao, alibisha hodi, na kila aliyekwenda kufungua hakurudi mezani. Mwishoni mwanamume yule alibaki peke yake kati ya viti vitupu, mlango wake haufungiki tena, na mvua inaingia.

Mliaji aliigizwa na Rosenda, muuza pilipili wa sokoni, mwenye sauti ya kuvuka mitaa mitatu. Mazoezi ya kwanza alifanya mzaha kwamba akilia hivyo wateja watadhani bei imepanda. Otilia hakucheka. Alisimama, akakitoa kilio kile mwenyewe: kinaanza chini kama mtu anayetafuta pumzi, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya.

Rosenda akaacha mzaha. "Mwalimu, hiki umekitoa wapi?"

"Kwa wazee."

"Wazee gani? Mama yangu alikaa jirani na daraja."

"Wewe jifunze kulia, mama. Hayo mengine niachie mimi."

Nyumbani Eufrasia alimuuliza wanaigiza nini mwaka huu. Otilia akajibu kwamba ni yule wa mababu tu. Eufrasia alikuwa hajakanyaga kwenye maigizo miaka mingi, lakini jibu hilo lilimtuliza, akasema basi atawapelekea watu uji wa mahindi na mikate ya Siku ya Wafu. Hapo Otilia angeweza kumwambia kweli. Alijiambia kwamba mdogo wake akishaona, atafurahi. Mwenye kiu ya kisasi hujiambia mengi.

Siku ya Wafu ilipofika, waliigiza katika ghala la kinu cha zamani. Kwa desturi msimamizi wa sikukuu hupewa kiti cha mbele, na Don Crisóforo alikaa hapo na mkewe, Doña Herminia, akitafuna mbegu za maboga. Wazee wa Santa Inés husema kilio cha Mliaji ukikisikia kwa mbali, ujue yuko kisogoni kwako. Kwa hiyo Otilia alimficha Rosenda nyuma ya watazamaji, kwenye pazia la mlango wa kutokea, aanze kwa sauti ya chini. Eufrasia alifika na sufuria yake watu wakiwa wameshakaa, akajibanza palipokuwa na nafasi, kando ya pazia lile.

Mwanzoni watu walitania, kama wanavyotania kifo siku zote. Hodi ya kwanza ilipogonga, mmoja akapaza sauti kwamba mfungulieni, huenda amekuja kudai mahari. Ghala likacheka. Kisha mwanamume wa jukwaani akasema bila kuinuka, "Huyu mwanamke simjui. Fungeni mlango, mvua inaingia."

Mkono wa Don Crisóforo ulikwama njiani na mbegu zake. Doña Herminia, aliyekuwa mezani siku ile kama mchumba, akamgeukia taratibu. Alisema kwa sauti ya kawaida, na safu zote za mbele zikasikia: "Wewe uliniambia ni ombaomba."

Don Crisóforo alinyanyuka atoke, na mlango ulikuwa nyuma. Hapo kilio kikaanza, chini kwa chini, kikapanda. Akatembea kukielekea katikati ya watu waliokuwa wakigeuza shingo mmoja baada ya mwingine, na Otilia, pembeni mwa jukwaa, alizihesabu shingo hizo kwa raha. Kisha akaona wanakotazama. Hawakumtazama tena Crisóforo. Walimtazama Eufrasia, ameshika upawa wa uji, kilio chake mwenyewe kikimtoka mtu mwingine hatua moja kutoka sikioni. Wanawake wawili walipiga ishara ya msalaba.

Eufrasia aliuweka upawa, akatoka.

Otilia alimkuta jikoni akiondoa majivu.

"Nilikwambia yaishie kwako."

"Nimekulipizia, mdogo wangu. Mji wote sasa unajua hukumtupa."

"Nilijua mimi. Ilinitosha."

"Ulitaka azeeke na fimbo ya mtakatifu mkononi?"

"Azeeke nayo. Yeye alinifungia mlango, dada. Wewe umeufungua ili watu wote wanitazame nikiwa nimembeba mwanangu, na hukuniuliza."

Otilia alisema mengi baada ya hapo, juu ya haki, juu ya miaka. Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Asubuhi alitoa kwenye madhabahu ya nyumbani kiatu kimoja kidogo cha kufumwa, akakifunga kwenye leso, akapanda basi la Veracruz, kwa binamu yao.

Don Crisóforo alirudisha fimbo kabla juma halijaisha. Doña Herminia alihamia kwa mwanawe Puebla. Watu sasa hununua dawa duka la pili, na yeye hukaa nyuma ya kaunta akipanga upya chupa ambazo hakuna aliyezigusa. Otilia hupita pale mbele kila siku, mwendo wa pole, hana haraka. Watu wa Santa Inés husema mtu yule alistahili, na kweli alistahili. Lakini kilio cha darajani hakikuwa mali ya Otilia, na mwenye mali alikuwa hai, anaoka mikate chumba cha pili. Kumuuliza kungehitaji hatua chache tu, na Otilia hakuzipiga kwa sababu alilijua jibu.

Crisóforo ameanguka, kama Otilia alivyotaka. Lakini kumwangusha kumemfanya ampoteze mdogo wake, ambaye hajarudi na hapokei simu za dada yake.