Mchezo wa Mwezini

Kazi aliyoajiriwa nayo redioni ilikuwa ya kupiga chapa. Alichapa taarifa za habari, hotuba, na matangazo ya vitu vilivyopotea, katika chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake lilipigwa misumari zamani, na hakuna aliyekumbuka kwa nini. Hewa iliingilia mlangoni, na mlangoni waliingilia wakubwa.

Hadithi alianza kuziandika kwa sababu ya kuchoshwa na yale aliyokuwa akichapa. Zilikuwa hadithi za watu waliohamia mwezini, wanaoishi katika nyumba za vioo na kuvuta hewa ya kupimiwa kwa mabomba. Mkuu wa vipindi alizisoma, akacheka peke yake, akampa robo saa ya mchezo wa redio kila Jumamosi jioni. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unamwita Mama Mwezini, hata muuza mkaa.

Mwezi aliuchagua kwa kuwa huko hakuna serikali. Alidhani ataandika apendavyo. Alisahau kumtia hesabuni mkaguzi wa maandishi, aliyepitia kila kitu kabla hakijatangazwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hajawahi kumfokea mtu tangu azaliwe.

"Kiongozi wako huyu wa mwezini ni mzee," alimwambia walipokutana mara ya kwanza. "Kwa nini awe mzee?"

"Ni mzee tu, Mheshimiwa."

"Wazee ni wengi, lakini msikilizaji atamfikiria mmoja. Mpunguzie umri."

Akampunguzia. Kijana naye akaonekana ana haraka ya madaraka, na palikuwa na mtoto wa mkubwa fulani aliyesemwa hivyo hivyo. Basi akamfuta kabisa, watu wa mwezini wakawa wanaelewana wenyewe kwa wenyewe. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Sasa, binti yangu, unataka kusema bila kiongozi mambo yanakwenda?"

Ndipo akamrudisha kiongozi asiyeonekana, sauti tu inayopita kwenye mabomba ya hewa kila asubuhi kuwauliza watu wameamkaje. Hilo likapita bila kuguswa, nalo ndilo lililowatia wasikilizaji baridi kuliko yote. Barabarani watu walianza kusalimiana kwa sauti ya bomba, wakicheka, kisha wakigeuka kuangalia nani yuko nyuma yao.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Dada wa mumewe, msusi mwenye ulimi usio na breki, alikuja kila Jumamosi wasikilize pamoja. Jumamosi moja mchezo ulipokwisha, Mama Mwezini alikuwa anakusanya sahani za wenzake ili naye akale jikoni.

"Wifi, nikuulize," msusi alisema. "Huko mwezini magari yanaruka na hewa inapimwa. Mbona wanawake wanakula mwisho?"

"Wapi nimesema hivyo?"

"Kila wiki unasema. Leo yule daktari wa kike ametibu watu kutwa nzima, karudi kwake, kasubiri mpaka baba mkwe na mashemeji wamalize. Nikajiambia, labda sufuria za huko ni ndogo."

Mumewe alicheka. Yeye alibaki amesimama na sahani mkononi, uso umemshuka.

Kesho yake alisoma tena vipande vyote alivyowahi kuandika. Wifi yake hakukosea. Siasa alizificha kwa makusudi, na kila alipozizika alipajua. Lakini haya hakuyaficha wala hakuyaona. Alikuwa amewarusha watu mpaka mwezini, akawafungia na jiko la mama mkwe wake ndani ya mizigo.

Akajaribu kurekebisha. Daktari arudi kutoka kazini, akae, ale wa kwanza, baba mkwe amngoje. Jambo la sentensi tatu lilimla asubuhi yote. Kila alipomkalisha daktari, mkono wake wenyewe ulimwinua aombe radhi. Alipofanikiwa mwishowe alitoka jasho, kama mtu aliyemjibu mkubwa vibaya.

Mkaguzi alikikata kipande kile chote.

"Hapa hakuna siasa, Mheshimiwa," alilalamika.

"Najua. Ingekuwa siasa tungezungumza. Wakubwa hawasikilizi redio, binti yangu, wana kazi. Lakini hili la mkwe linasikilizwa na kila nyumba, na yangu ya kwanza. Nikiliacha, nitalala wapi?"

Siku hiyo Mama Mwezini alikwenda kwa mkuu wa vipindi kuomba kuacha. Mkuu alifunga mlango kwanza.

"Ukiacha, watu watauliza kwa nini. Na wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi. Endelea, dada yangu. Andika chochote, ila usiache."

Alirudi kwenye mashine yake, akakaa mbele ya lile dirisha la misumari. Mwezini hapakufaa tena. Akafikiria sayari nyingine, mbali zaidi, akaona kwamba akishawafikisha watu atalazimika kusema nani anatawala na nani anapakua chakula. Majibu aliyokuwa nayo ni yale yale mawili, ya ofisini na ya nyumbani kwake. La tatu alilitafuta, hakulipata.

Basi akawapandisha watu wake chomboni, akafunga mlango, wakaondoka. Wiki zikapita, wakawa bado wako njiani. Walisimuliana walikotoka, waligombania vitanda, mtoto akazaliwa. Mkaguzi alisoma akitafuta cha kukata, akakosa.

"Hawa watafika lini?" alimuuliza.

"Bado ni mbali, Mheshimiwa."

Mumewe naye alimuuliza swali hilo hilo, Jumamosi moja redio ilipozimwa. Yeye hakuweza kumjibu kama alivyomjibu mkaguzi.

"Sijui niwapeleke wapi, baba watoto," alisema. "Kila ninakotaka watue, nakuta tumeshafika."

Mumewe aliinuka. Akakusanya sahani kwa mkono mzito wa mtu asiyezoea, akamvutia mkewe kiti. Mama Mwezini akakaa. Alikula huku akiutazama mlango, asije akaingia mama mkwe.