Roboti Iliyofuata Mwanga wa Ziwa

Katika ile miaka ya Zaïre, jina la ubatizo lilipopigwa marufuku likabaki nyumbani na kanisani, aliishi Bukavu mwanamke mmoja ambaye mama yake alimwita Emérence na serikali ilimwita Citoyenne, yaani Raia, Bulonza. Alikuwa asistanti wa fizikia katika chuo cha ualimu. Baada ya lisanse, shahada yake ya chuo kikuu, alikuwa amekwenda Ubelgiji mwaka mmoja kusomea roboti, kisha akarudi kuunda ya kwake. Kama ingetembea vizuri mbele ya profesa wake wa Ubelgiji, angerudi huko kumaliza udaktari. Isipotembea, nafasi yake ingepewa mwingine. Profesa huyo alikuja Bukavu mara moja tu kwa mwaka kufundisha, na sasa alikuwa amefika.

Mashine yenyewe, ungeiona ungecheka. Mwili wake ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga. Mota yake ilitoka katika gari bovu la misioni, ile iliyokuwa ikifuta mvua kwenye kioo. Mbele yalitokeza macho mawili ya umeme yaliyoinamia sakafu kama mtu aliyeangusha sindano. Kazi yake ilikuwa moja: kufuata mstari mweupe wa chokaa juu ya saruji nyekundu, kutoka mlangoni, kukata kona, hadi chini ya ubao.

Kule nyumbani, mtaa wa Cimpunda, mama yake, Maman Agathe, hakumwachia nafasi ya kupumua.

“Benzako banazala batoto,” alisema akichambua maharage. “Weye unazala mikebe.”

Emérence alicheka tu. Angemwambia nini? Tangu utotoni kulikuwa na swali moja lililomkaa kama mwiba: kitu kisicho na roho kinajuaje njia? Maji ya Ruzizi yanajuaje bonde? Hata lile harage mkononi mwa mama, likifukiwa kichwa chini miguu juu, linajuaje jua liko wapi? Watu wengine huuliza maswali hayo wakiwa watoto, kisha maisha yanawafunga mdomo. Yeye hakufungwa.

Papa Anaclet, mfagiaji wa chuo, aliipa mashine jina la Kipofu, kwa jinsi ilivyopapasa njia.

“Maman, Kipofu yako imekula?” alimwuliza Emérence kwa heshima.

“Imekula, Papa. Betri imejaa.”

“Basi isikose njia mbele ya muzungu. Ukipata haya mbele yake, na miye nimepata haya.”

Ijumaa Kipofu alitembea mpaka ubaoni bila kukosea. Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, na Emérence akabaki nyumbani kufagia mtaa na majirani. Jumatatu asubuhi alipofungua mlango wa darasa, alisimama kizingitini. Sakafu iling'aa kama sahani. Kwa heshima ya mgeni, Papa Anaclet na wanafunzi walikuwa wameipaka nta nyekundu, wakaisugua kwa vipande vya blanketi vilivyofungwa miguuni.

“Angalia mustari yako, Maman! Hatukuigusa. Tuliizunguka kama shamba ya mutu.”

Kweli, mstari ulikuwa mzima. Emérence alimshukuru kwa mikono miwili.

Profesa akaingia, wanafunzi wakajipanga ukutani. Kipofu aliwekwa mlangoni, akaondoka vizuri. Kufika katikati akauacha mstari, akaelekea dirishani, akagonga ukuta, magurudumu yakabaki yakizunguka bure. Emérence akamrudisha. Akafanya vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

“Inaenda kuvua sambaza!” mwanafunzi mmoja akasema, darasa likaangua kicheko, maana sambaza ni dagaa wa ziwani, na nje ya dirisha hilo ziwa lilikuwa wazi lote.

Profesa alitazama saa yake, akafungua kalamu. Emérence aliiona ile kalamu, akajiuliza upesi. Mstari upo, betri imejaa, macho ni yaleyale ya Ijumaa. Kitu gani kimeongezeka?

Akakaza kikwembe chake kiunoni, akalala kifudifudi, shavu sakafuni, pale pale mashine ilipopotea.

“Yezu! Ameanguka?” Papa Anaclet akauliza.

Hakuanguka. Alikuwa akitazama kwa macho ya Kipofu. Na kutoka huko chini aliona njia mbili nyeupe. Moja ilikuwa ya chokaa. Nyingine ilitoka dirishani, pana zaidi, nyeupe zaidi, ikicheza juu ya nta. Ziwa lilikuwa limeingia darasani.

“Haikukosea,” akasema, bado amelala. “Mimi nimeifundisha kwamba kilicho cheupe ndicho njia. Sikuifundisha kwamba weupe unaweza kuwa mgeni.”

“Unaweza kuthibitisha?” profesa akauliza.

Emérence akajifungua kitambaa cha mabegani, akampa Papa Anaclet azibe nacho dirisha. Kipofu akaondoka, akaufuata mstari taratibu. Papa Anaclet, kwa hamu ya kuona, akashusha kitambaa, na Kipofu akageuka kumwendea. Akakipandisha upesi, Kipofu akayumba kidogo, akarudi njiani.

“Mama weee! Inaniitikia!”

“Rudia,” akasema profesa.

Wakarudia. Wakarudia tena. Mwishowe profesa mwenyewe akapiga magoti kutazama, suruali yake ya kijivu ikala nta nyekundu.

“Mpaka ubaoni leo haijafika peke yake,” alisema akijipangusa bure. “Lazima niandike hivyo.”

“Andika, Profesa. Ni kweli.”

“Na huyo mgeni, mashine itamtambuaje?”

“Sijui. Ningependa kujua.”

Profesa aliutazama tena mwanga sakafuni. “Basi mkebe uache hapa,” akasema. “Swali lilete Ubelgiji. Septemba.”

Ndivyo Emérence alivyoondoka. Kipofu alibaki kwa Papa Anaclet, aliyemwonyesha kwa kila mgeni, akimwita kwa kushusha kitambaa dirishani. Huko Ubelgiji Emérence alipewa chumba cha kazi chenye sakafu ya kijivu, na dirisha lililotazama ukuta. Mwanga ulikuwa uleule asubuhi na jioni, na mashine hazikupotea kamwe. Akanunua kopo la nta, akajifunga kipande cha blanketi mguuni, akaanza kusugua kona moja chini ya taa, mpaka mwanga mweupe ukacheza sakafuni. Wenzake walipita wakitabasamu, wakidhani amekumbuka kwao.

Alikuwa amekumbuka, ndiyo. Lakini pia alikuwa kazini.