Chupa Niliyoivalisha Soksi

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimewahi kuvamiwa na wezi wa mifugo huko chini ya Ikutha nikarudi nyumbani na suruali peke yake, nimenunua lori nikakuta injini ni ya gari lingine, nimepoteza mbuzi arobaini kwa kiangazi kimoja, na siku zote hizo jioni nilikula ugali wangu nikamaliza. Ndiyo maana nilikuwa nikiambia watu, hata pale nje ya kanisa, kwamba hapa duniani hakuna kitu kimebaki cha kunishangaza. Nilisema hivyo mpaka ile Jumamosi ya waini. Aibu yake naiandika mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mwalimu Nzioka, aliyekuwepo, kwa sababu yeye akiisimulia ananifanya mjinga kuliko nilivyokuwa (nilikuwa mjinga, sikatai, lakini kwa kiasi).

Shule niliachia darasa la sita. Leo nina malori mawili, nyumba ya ghorofa hapa Kitui, na maboma mawili ya mbuzi, moja Ikutha na lingine Kalamba, na sikusaidiwa na mtu. Sasa kuna daktari wa meno ambaye hununua mbuzi kwangu kila Krismasi, na siku moja akaniambia ana chama kidogo cha watu wa kuonja waini, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi kwa veranda yake, nami nikaribie. Wenzake walikuwa wawili tu: Mwende, wakili, na Mwalimu Nzioka, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu. Watu wa kusoma, wote watatu. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Chama chao kina sheria. Kila mtu analeta chupa yake ikiwa imevalishwa soksi ndefu ya kuchezea mpira, lebo isionekane. Wanamimina kidogo kidogo, wananusa, wanaonja, halafu kila mmoja anasema anachosikia mdomoni, na wengine hawaruhusiwi kumcheka. Mwenye chupa anaonja wa mwisho, na hasemi neno mpaka wote wamalize na soksi itolewe, asije akawapa dokezo. Akisema, anatozwa faini. Na mgeni, Daktari aliniambia, analeta chupa ya jina kubwa.

Hapo ndipo nilipotumia akili yangu ya biashara. Kwa stoo nilikuwa na chupa mbili tupu za waini ya ng'ambo, za kijani, zenye lebo ya dhahabu, nilizookota baada ya harusi ya mheshimiwa fulani. Moja nilikuwa nimeitilia dawa ya kupe ya kuogesha mbuzi wa Ikutha (nanunua mtungi mkubwa halafu nagawa, chupa ya kijani inakinga dawa na jua, msiniulize zaidi). Ile nyingine nikaiosha, nikaijaza waini nyeupe ya boksi kutoka supamaketi, nikagongomea kizibo vizuri, nikaiweka upande wa kulia wa rafu na dawa upande wa kushoto. Nikajiambia, hawa watu wanakunywa lebo, hawanywi waini.

Jumamosi asubuhi mke wangu alinipigia kelele kutoka jikoni kwamba amefagia stoo, amepanguza rafu, na dawa ya Ikutha ameshampa dereva. Nikasema sawa. Nikaingia stoo, nikakuta chupa moja, nikaivalisha soksi, nikaenda.

Mjue pia kwamba wiki hiyo nilikuwa na mafua mabaya, pua imeziba kabisa. Kwa hivyo chupa za wenzangu zilipozunguka, mimi nilikuwa nangoja Mwende aseme halafu nafuata nyuma. Akisema anasikia embe, nasema hata mimi naona embe, lakini ni la Makueni, lililokaa kwa jua. Wakapiga makofi. Daktari akasema nina kipaji, na nikaamini.

Ikaja zamu ya chupa yangu. Mwende akanusa, akanusa tena.

"Mafuta ya taa," akasema.

Yeye akaendelea kueleza, ametulia, kwamba hiyo si kasoro, kuna waini ya bei ambayo huwa na harufu ya mafuta ya taa na wajuzi wanaitafuta. Lakini mimi nilikuwa siko tena pale. Nilikuwa kwa stoo, naangalia rafu iliyopanguzwa. Mtu akipanguza rafu anaondoa kila kitu, halafu anarudisha. Anarudisha upande upi? Chupa ni pacha, lebo ni moja, na dawa ile nayo ina rangi ya manjano kama waini nyeupe. Mke wangu amempa dereva nini, dawa ama waini?

Daktari naye akaonja. Akasema yeye anapata kitu cha boma, kama mbuzi aliyenyeshewa, na akaniangalia akitabasamu kwa sababu alishajua ni chupa ya nani. Mwalimu akameza yote, akalamba midomo.

"Ulimi unakufa ganzi kidogo," akasema. "Inapendeza. Niongeze."

Nikasema jameni, hiyo imeharibika, tuiache, tuonje nyingine. Wakacheka. Mwende akasema mwenye chupa amejitaja, andika faini. Nikajaribu kuiangusha kwa kiwiko kama bahati mbaya, na Mwalimu, na miaka yake yote, akaidaka hewani bila kumwaga tone. "Tajiri, usituonee choyo," akaniambia, akajimiminia glasi ya pili.

Nilienda nyuma ya nyumba nikampigia mke wangu. Simu imezimwa (Jumamosi mchana wako kwa mkutano wa akina mama, kanisani). Nikampigia dereva, halafu yule anayenichungia mbuzi Ikutha, simu haziendi. Nikapiga tena na tena kwa haraka mpaka nikapigia fundi wa matangi kimakosa. Nilirudi nikachukua glasi yangu nikagusisha ncha ya ulimi, nikasikia uchungu, lakini mdomo ulikuwa umenikauka hata maji yangekuwa machungu. Nikamwangalia Mwalimu. Alikuwa ameegemea kiti, macho yamefungwa, glasi tupu mkononi.

Sasa nitawaambia ukweli wa moyo wangu, na huu ndio unaonichoma mpaka leo. Nilisimama pale karibu dakika mbili nikipima. Nikisema, nitajulikana kwamba mimi ni mtu wa kujaza waini ya boksi kwa chupa ya watu. Nisiposema, Mwalimu anaweza kufia kwa hicho kiti. Dakika mbili nzima, na mimi ni mzee wa watoto wanne.

"Jameni," nikasema, "hiyo inaweza kuwa dawa ya kupe."

Mwalimu akafungua macho. Mwende akaweka glasi chini polepole sana.

"Inaweza kuwa?" akauliza. "Mzee, ni dawa au si dawa?"

"Sijui."

Daktari alisema mtu asijitapishe, akachukua chupa na soksi yake, akatuambia twende kwa gari. Njiani hakuna aliyeongea isipokuwa Mwalimu, aliyekuwa ameshika mkono wa Mwende akimweleza kwamba hati ya shamba iko chini ya godoro la chumba cha wageni, na kwamba mdogo wake asipewe hata futi moja. Mwende alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa namwomba Mungu wangu kimoyomoyo, si kwa maneno, kwa kuhesabu vile Mwalimu anavyopumua.

Hospitalini tulipokewa na daktari msichana, labda rika la binti yangu. Alipima pumzi, akamulika macho yao, akaniuliza jina la dawa, nikamtajia. Akachukua ile chupa, akamimina kidogo kwa glasi ya maji. Akaitikisa. Akaiangalia kwa taa.

"Mzee, umefuga mbuzi miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na hii dawa ukiitia kwa maji huwa aje?"

Huwa nyeupe. Inakuwa nyeupe kama maziwa papo hapo, kila mtu mwenye mbuzi anajua, hata mbuzi wenyewe wanajua. Na pale kwa veranda mezani kulikuwa na majagi mawili ya maji ya kusukutua mdomo, nikayapita nikienda kupiga simu, nikayapita tena nikirudi.

Maji yalikuwa safi kabisa. Ilikuwa waini. Nikakaa sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni, mbele ya wagonjwa, nikalia kama mtoto. Hata hivyo presha ya Mwalimu ilikuwa imepanda kwa ile hofu, wakasema watatu wote walazwe mpaka asubuhi waangaliwe, na damu ipimwe.

Mwende alitoa soksi akasoma lebo ya dhahabu, halafu akaniuliza, kwa ile sauti ya kortini, ni waini gani hasa amekunywa. Nikamwambia ni ya boksi. Akaivalisha tena soksi, nafikiri akikumbuka yale mafuta ya taa. Daktari akaangalia ukutani. Mke wangu alipopata simu jioni alisema yeye alinusa chupa zote mbili kabla ya kumpa dereva, "kwani mimi sina pua?"

Sasa dawa yangu iko kwa mtungi wake, imefungiwa kwa kufuli, na chupa ya kinywaji ikiisha kwangu inavunjwa siku hiyo hiyo. Kwa kile chama sijarudi. Vitanda vya watu watatu, vipimo, dawa ya presha na mafuta ya gari ya Daktari, nililipa pale dirishani mwenyewe, bila kuuliza punguzo: shilingi elfu arobaini na tatu, mia sita na hamsini.