Siku Kumi na Moja Nilizorusha Ndege Isiyo na Injini

Wadau, nimewahi kurusha ndege isiyo na injini.

Siyo mara moja. Siku kumi na moja mfululizo, na kila siku nikatua salama salimini.

Kama unadhani nimevuta kitu, tulia hapo hapo. Nasimulia yote, hata ya aibu.

Mimi ni binti wa fundi wa ndege. Kazini walimwita Spana, maana hata akivaa suti mfuko wake haukosi spana. Nilipopata leseni ya urubani wa biashara, kwenye shule ile ile alikokuwa akifanya kazi, alinishika mkono akasema, "Haya, mwanangu. Sasa ndiyo unaanza."

Nilidhani ananitania. Kumbe wapi!

Kila kampuni niliyobisha hodi iliniuliza swali moja: una saa ngapi? Yaani saa ulizokaa angani, zilizoandikwa kwenye logibuku, lile daftari ambalo rubani hujaza kila akishuka. Mimi nina mia mbili na ushee, wao wanataka mia tano. Kazi hupati bila saa, na saa hupati bila kazi.

Shule ikanionea huruma. Nikawa narusha ndege yao ndogo kuwapeleka wapiga picha za mashamba. Saa moja leo, mbili wiki ijayo, haba na haba. Mtaani wakaniita Rubani wa Sebuleni, kwa sababu siku nyingi nilikuwa nyumbani nimeshika rimoti.

Kisha baba akafa.

Alitoka hangani, kwenye banda la ndege, kwenda kunywa chai, akaanguka getini. Basi.

Sikulia. Shangazi alinitikisa mabega, "Lia, mama, utapasuka!" Mimi nikaendelea kuosha vikombe vya wageni.

Siku kumi na moja sikukanyaga uwanjani. Niliporudi, nikaanza ukurasa mpya wa logibuku, ule wa zamani nikauacha nusu mtupu. Sikutaka kuandika chini ya siku alizokuwa hai.

Miezi minane baadaye shule ikafungwa. Nilikuwa na saa mia nne sitini na tisa.

Wiki hiyo hiyo kampuni moja ikatangaza nafasi ya rubani msaidizi. Saa mia tano, siyo pungufu.

Nikaufungua ule ukurasa. Mistari mitupu ilikuwa kumi na moja, na saa zilizopungua ni thelathini na moja. Nani atafuatilia siku za msiba?

Nikachukua kalamu nyeusi ile ile. Saa mbili na nusu hapa, tatu pale, namba ya ndege, hali ya hewa nzuri. Sikuhisi chochote, na hilo lilipaswa kunitisha.

Siku ya usaili, mtihani wa nadharia nikapita. Kwenye mashine ya kuigiza ndege nikapita pia, hata walipozima injini moja ghafla. Ikabaki kukaa na kapteni mkuu, mama mmoja mwembamba, miwani inaning'inia kifuani.

Alifunua logibuku yangu polepole. Akafika ukurasa ule, akaweka kidole kwenye namba ya ndege.

"Hii ndege unaijua?"

"Vizuri sana, Kapteni."

"Tumeinunua sisi, shule yenu ilipofungwa." Akaweka mezani kitabu kikubwa chenye madoa ya oili. "Ndege ikiuzwa, inakuja na kitabu chake cha matengenezo. Fundi anaandika kila alichogusa. Hebu soma hapa."

Nikasoma. Injini imetolewa kwa ukarabati. Tarehe: siku aliyoanguka baba. Imerudishwa siku ya kumi na mbili, na saini ya fundi mwingine.

Ndege ilikaa hangani pua wazi, mimi nimeandika naruka nayo.

Lakini hilo silo lililonimaliza. Niliujua mwandiko. Herufi zimelalia kushoto, na chini kabisa sentensi moja:

"Kazi haijaisha. Isirushwe mpaka nirudi."

"Mbona amemalizia mwingine?" Kapteni akauliza.

"Alienda kunywa chai."

"Nani?"

"Baba yangu. Huyu fundi ni baba yangu. Siku hizi zote tulikuwa kwenye msiba wake."

Akavaa miwani. Akaangalia tarehe, akaniangalia mimi. Nje kulikuwa na mtu anafagia korido, nasikia kila ufagio unapopita.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole nakupa. Kiti sikupi."

"Sawa, Kapteni."

"Na logibuku haifutwi. Kata mstari mmoja mmoja, andika pembeni kwamba hukuruka, tia saini."

Nikaandika: sikuruka. Nikasaini. Sikuruka. Nikasaini. Mstari wa saba sikuuona vizuri. Ule wa mwisho nililia mpaka mfagiaji akachungulia, na Kapteni akamfanyia ishara afunge mlango.

Miezi minane nilikuwa sijalia.

Siku hizi naosha ndege kwenye shule nyingine, na nikipewa zamu naruka. Nimeshavuka saa mia tano za kweli. Kazi bado. Kila anayenihoji anaufikia ukurasa ule, na mimi namweleza hivi hivi nilivyowaeleza nyinyi. Wawili walinishukuru kwa ukweli wangu, wakaajiri mwingine. Siwalaumu.

Wewe unayesaka saa, zitafute taratibu, hata mtaa ukucheke. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mistari kumi na moja.

Kwa miaka yote ile, baba hakuwahi kunikataza kitu zaidi ya mara moja. Safari hii aliandika kabisa: isirushwe mpaka arudi.

Nami nikairusha.