Fasi Kumi na Mbili

Mvua ndiyo iliyoniingiza vitani. Nilikuwa nimekwenda mjini Mbarara kununua mitumba ya kuuza Misiera, kwenye kambi yetu ya Nakivale, kama kawaida yangu, nikakuta marobota yamekwisha kufunguliwa na wenye viwiko vikali wamebeba nguo zote nzuri. Miye nikaachiwa makoti ya baridi. Makoti! Nani wa Nakivale atavaa koti la manyoya na jua lile? Nikiwa nimesimama nimenuna, mvua ikashuka, nikajitupa ndani ya kiduka cha kuchapisha karatasi. Huko nyuma ya mashine nikaona wanaume wazima wameinamia meza, wanasogeza visanamu na kurusha dadu. Mifupa inayotembea na panga. Viumbe vyenye pembe. Farasi asiye na kichwa. Nikasema moyoni: Yesu wangu, nimeingia kwa waganga.

Kumbe ni mchezo. Kila mtu ana jeshi lake, meza ni nchi, vipande vya sponji ni msitu, kitambaa cha buluu ni mto. Unapima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, unarusha dadu kujua nani amekufa. Mwenye duka, Mnyankore mpole asiyejua kupandisha sauti, aliletewa sanduku la mchezo na ndugu yake wa ng'ambo. Mpinzani wake mkubwa alikuwa askari mstaafu, wote wakimwita Afande. Huyo aliponisikia nikiongea, akatangaza kwamba kuanzia siku ile meza itasema Kiswahili, maana alikuwa amekikosa sana tangu aache jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kaa, simama, lete, toa mikono mfukoni. Nikampenda hapohapo.

Mvua ikakatika, miye sikuondoka. Tangu siku ile kila safari ya mitumba iliishia pale mezani.

Niko mtu wa kukasirika upesi, na kupenda upesi pia, lakini majeshi yaliyomo kwenye kitabu cha mchezo niliyajaribu yote bila kupata la kunikaa. La mifupa halina moyo. La wenye masikio marefu linajidai. Mwenye duka akachoka na manung'uniko yangu. "Tunga lako basi," akasema. Akanieleza kwamba inaruhusiwa. Kila kikosi unakiandikia kadi yenye namba zake, mwendo na nguvu na uvumilivu, na chini yake sheria yake ya pekee kwa maneno. Ila jeshi lote liwe na sura moja, watu wa fasi moja, na lisiwe la kushinda kila mara.

"Jeshi bila ugonjwa hatukubali," Afande akadakia. "Hata sisi tulikuwa na malaria."

Sikuhitaji kufikiri. Nilizaliwa Kivu ya Kusini, kwenye milima inayotazama Ziwa Tanganyika, na nikatoka huko nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Ninayoyakumbuka mwenyewe hayajazi kikombe. Baridi ya asubuhi kwenye nyayo. Harufu ya mihogo iliyolowekwa. Baba akikohoa nje kabla ya kuingia ndani. Basi, yameisha. Na hata hivyo hakuna asubuhi ninayoamka Rubondo, kwenye kiwanja chetu hapa kambini, bila kuitamani ile fasi. Sisi watu wa huko mahali tunapaita fasi, na neno hilo hata peke yake linatosha kuniharibia siku. Mtu anaweza kutamani kitu asichokijua? Anaweza kabisa. Miye hapa ni shahidi.

Basi yale makoti yakapata kazi. Nikang'oa vifungo vyote, vya plastiki, vya mbao, vya chuma, nikavipigilia kwenye vipande vya sandali kuukuu ili visimame. Hao ndio askari wangu. Makoti yenyewe mama akayakatakata akashonea mito.

Shida ikawa sheria. Nitaandika vipi tabia ya watu wa mlimani na miye nilitoka huko sijui hata kujifunga kamba za viatu? Ikabidi nimchimbe mama. Nikamkuta nje anachambua maharagwe.

"Mama, ule ukungu wa kule, ulikuwa unashuka ama unapanda?"

"Ulikuwa unatuingilia mu nyumba bila hodi, sawa shangazi yako. Juu ya nini unauliza? Unataka kulima ukungu?"

Nikaandika: Ukungu. Mzunguko wa kwanza hakuna adui anayeruhusiwa kurusha mshale, haoni kitu. Nikamuuliza wanawake walivyobeba mihogo, akanionyesha kwa kanga, kamba juu ya paji la uso, mzigo mgongoni, mikono mitupu ya kumshikia mtoto. Nikaandika: Wabeba Mihogo. Kikosi chochote watakachokigusa kinapona jeraha moja, maana kimekula. Nikamuuliza habari ya kwaya. Hapo mama akaacha maharagwe kabisa. "Kwaya haikimbii, papa," akasema. Papa ndivyo anavyoniita moyo wake ukifunguka. "Siye tuliimba hata paa likivuja, hata pasta akichelewa." Nikaandika: Kwaya. Aliye karibu nayo haogopi. Na ugonjwa wa jeshi nikaujua bila kuuliza, kwa sababu ninauona kila Jumapili baada ya ibada: kabla ya kushambulia lazima wafanye kikao. Unarusha dadu, ikitua moja, zamu yote imeishia kwenye maneno.

Siku zile tulikaa pamoja kuliko miaka yote. Nilikuwa nachelewa kwenda kuuza kwa ajili ya vita.

Kadi ya mwisho niliiandika bila kumuuliza. Ilikuwa ya baba.

Siku ya kukimbia, baba alitusindikiza mpaka kivuko cha mto. Pale akamwambia mama: "Mutangulie. Miye nabaki na fasi yetu." Akageuka, akarudi kulinda nyumba na shamba la mihogo. Habari yake hatujaisikia tena, ya uzima wala ya kifo. Matanga hatukukaa, maana huwezi kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa. Mama hakuolewa tena. Nyumbani kwetu hatumzungumzi, lakini kichwani mwangu amesimama palepale mlangoni, na maadui wa dunia nzima hawathubutu kumsogelea.

Nikamchagulia kifungo kikubwa kuliko vyote, cha pembe, cha kahawia. Jina lake: Mwenye Kubaki. Kwenye mwendo nikachora kistari, maana haendi popote. Halafu nikamwongezea namba ambayo jeshi jingine halina. Fasi: kumi na mbili. Yaani inchi kumi na mbili kumzunguka ni nchi yake, adui hakanyagi. Maelezo sikuandika. Fasi ni fasi, nani asiyejua?

Nilitaka kadi ile ipitishwe mezani kama ilivyo, bila kuguswa. Nilitaka watu wasiotujua waitazame waseme ndiyo, huyu anasimama, ni halali asimame. Ilikuwa kama kwamba wakikubali wao, basi baba yuko hai na alifanya vizuri kubaki. Ujinga? Ujinga, najua. Lakini niliutaka kwa moyo wote.

Sasa, pale kwenye meza wana desturi yao. Jeshi jipya halichezwi na aliyelitunga. Anapewa mwingine alicheze kwa kusoma kadi tu, na mtungaji anapigana nalo, ili ayaone makosa yake kwa macho ya adui. Afande akachukua vifungo vyangu. Miye nikapewa mifupa.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ukungu ulinipofusha vizuri. Kwaya iligoma kuondoka mbele ya wafu wangu, Afande akawa anaiimbia yeye mwenyewe wimbo wa gwaride. Dadu ya kikao ikatua moja mara mbili mfululizo, na mwenye duka akacheka mpaka akafuta macho. Halafu Afande akaichukua ile kadi ya mwisho, akaisogeza mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee.

"Mwendo hakuna. Fasi kumi na mbili," akasoma. "Banange! Huyu mzee iko na mbio!"

Akamkamata baba kwa vidole viwili, akaweka futi, akamkimbiza. Akamvusha mto wa kitambaa, akampitisha pembeni mwa kwaya, akamwacha huko peke yake uwanjani.

"Wee! Mrudishe!" nikapiga kelele. "Huyo haendi popote!"

"Imeandikwa fasi. Fasi si ni fasta?"

"Fasi ni mahali!"

"Kama ni mahali, si uandike mahali? Mimi nasoma mbio, napiga mbio."

Mwenye duka akaingilia kwa sauti yake ndogo. "Usikasirike. Lakini hivyo alivyokosea ni bora. Nimelitazama jeshi lako tangu mwanzo. Huyu akikaa pale, vikosi vyote vinakaa karibu yake. Hakuna anayekwenda mbele. Jeshi zima linakufa likimngojea."

Maneno yale yaliniingia vibaya. Na Afande, ambaye kila siku tunataniana, akaongeza akicheka: "Na jina lenu si wakimbizi? Mkimbizi akikimbia, kosa liko wapi?" Siku nyingine ningemjibu tusi zuri tukacheka wote. Siku ile nikazoa vifungo vyangu kwa mkono mmoja, nikavitia mfukoni, nikatoka bila kuaga.

Huko kambini nilimkuta mama akitoka kisimani na jerikani lake, jua bado kali. Nikampokea maji, nikamsimulia yote palepale njiani, nikitegemea atawalaani pamoja nami. Akacheka! Akacheka mpaka akanishika bega. "Fasi, fasta! Oh, bantu ba Uganda!" Kisha akauliza, "Na huyo mwenye kukimbizwa ni nani mu jeshi yako?"

"Ni baba," nikasema.

Kicheko kikakatika. Tukaenda hatua kadhaa, jerikani likinigonga mguuni. Nilidhani nimemkosea.

"Nilimulomba, nilimusihi," akasema, akitazama njia. "Nilimushika shati. Nikamuambia twende bote, mihogo itaota fasi yoyote. Akakatala. Fasi, fasi, fasi. Fasi haikufi, papa. Muntu njo anakufa." Akajipangusa uso kwa kanga. "Unakasirika huyo askari alimukimbiza? Miye Mungu angenipa huyo askari siku ile. Kila siku natamani baba yako angekuwa mukimbizi sawa siye."

Neno hilo, mkimbizi, nimelibeba maisha yangu yote. Nimelisikia kwenye foleni, nimelisikia madirishani pa ofisi, nimelisikia sokoni mtu akitaka kunipunja. Sikuwahi kumsikia mtu akilitaja kama bahati. Nikamkasirikia baba, miye ambaye sijawahi kumkasirikia hata siku moja. Kwa nini hukuja? Shamba la mihogo, kweli? Na kadiri nilivyomkasirikia ndivyo nilivyozidi kumtaka, asimame hapo njiani na kikohozi chake, anipokee lile jerikani.

Kadi niliiandika upya. Fasi kumi na mbili nikaiacha, na safari hii nikaeleza maana yake kwa Kiswahili cha kila mtu. Chini yake nikaongeza: Anaweza kuiacha na kukimbia, inchi kumi na mbili kila zamu. Akiiacha, haimrudii.

"Mukongo amerudi!" Afande akasema aliponiona tena Mbarara. "Nilifikiri unanichukia."

"Nilikuchukia kabisa."

"Kale, sawa. Lete jeshi."

Safari hii nililicheza mwenyewe, yeye akachukua mifupa. Aliipanga kama mtu aliyesomea kuua. Wabeba Mihogo wakafa mapema. Kwaya ikabaki kifungo kimoja, kikiimba. Wafu wakaizunguka fasi ya baba pande tatu, wakasimama ukingoni wakingoja, kwa maana kuingia hawawezi, lakini kuchoka pia hawajui. Zamu ikawa yangu. Nikaweka kidole juu ya kile kifungo cha pembe na mkono ukakataa kwenda.

"Cheza bwana," Afande akasema. "Ama mko kwenye kikao?"

Nikamtoa. Nikaweka futi kuelekea upande nilioketi miye, nikamsukuma polepole juu ya meza, na kila inchi iliniuma kama naivunja ile nyumba kwa mikono yangu. Sheria inataka utangaze mtu wako anakwenda upande gani, kwa hiyo Afande akauliza, bila utani wowote, "Huyu mzee anakimbilia wapi?"

"Anakuja kwetu," nikasema. Na neno lilipokwisha kutoka ndipo nikajisikia. Sikumaanisha milimani. Nilimaanisha Rubondo, kwa mama, kwenye mito ya makoti.

Futi ikaisha. Afande akainama, akapima mwanya uliobaki kati ya baba na ukingo wa meza, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema, akizikusanya dadu zake. "Hajafika. Ngoja zamu ingine."

Nikamwambia acheze tu, kungoja nakujua.