Tenga Chini ya Mkorosho

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi si mtu wa mashetani. Wenzangu wakipandisha ngomani, mimi nilikuwa nakwenda kula ubwabwa tu na kurudi zangu. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na zamu yetu ilikuwa haijafika. Tulikaa shambani, mbele ya mji mdogo wa Mtama, mimi na mume wangu Saidi, katikati ya mikorosho. Mbwa wetu wa kufukuza nguruwe aliuawa na chui, akaacha mtoto mmoja, tumbo kubwa kuliko kichwa. Saidi akamwita Askari, kwa kumcheka. Sasa huyu Askari tumlaze wapi? Ndani haiwezekani, sisi watu wa swala, pua ya mbwa ikigusa kitu ni kuosha mara saba. Nje, chui. Saidi akatengeneza tenga la fito, imara, lenye mlango wa kufunga kwa kamba, tukaliweka chini ya mkorosho, tukamsukumia humo. Jamani, alilia! Alilia mpaka akatapika, aking'ata fito mdomo ukatoka damu. Saidi akawa anatoka kulipiga tenga kwa fimbo.

"Kesho namtupa," akasema, na Saidi akisema hivyo hatanii.

Kesho yake alasiri natwanga, akatokea bibi mmoja, mzee sana, ndonya ya mti imetoboa mdomo wa juu, kaniki nyeusi mwilini. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Alikuwa analitazama tenga. Na niamini: majani makavu ya mkorosho hata kuku akipita utamsikia. Yeye alipita juu yake kimya. Nililiona hilo nikalipuuza, mjinga mimi.

"Unamfunga kwa nguvu," akasema. "Mlango uache wazi. Weka ugali wake mle ndani, na kanga uliyoivaa. Aingie kwa miguu yake."

"Na akitoka je?"

"Atoke. Akizoea, funga kidogo, ukae naye. Kesho funga, nenda kachote maji, rudi. Akinyamaza ndipo ufungue. Ila ukimwambia unarudi, rudi." Akanikazia macho. "Yeye atakusubiri. Wewe utarudi?"

Nikacheka. "Bibi, mimi nitakwenda wapi?"

Nikageuka nimchotee maji ya kunywa. Kurudi, hayupo.

Nilifanya vile vile alivyosema. Siku za kwanza Askari alikula mle ndani akatoka mbio. Siku ya nne nikamkuta amelala humo mwenyewe, mlango wazi, pua kwenye kanga yangu. Nikaanza kufunga. Nakaa naye, nafungua. Nakwenda mtoni, "Askari, kaa, narudi," na kweli narudi. Mwezi haukuisha, akisikia "narudi" anaingia, anajikunja, kimya. Nilimpenda yule mbwa, sioni haya kusema. Sikuwa na mtoto bado.

Kisha lori likaja, na mgambo. Nikabeba tenga langu kichwani, Askari ndani, mpaka barabarani.

"Watu hawaenei, unaniletea mbwa?" dereva akafoka.

Saidi akaninong'oneza kwamba kesho tutarudi kuchukua mihogo, tutamchukua na yeye. Ningemwacha nje aliwe na chui? Nikalirudisha tenga chini ya mkorosho, nikatia maji na ugali. "Askari, kaa, narudi." Akaingia, akajikunja. Lori likiondoka nilitega sikio. Hakulia.

Kesho yake hatukuruhusiwa kutoka kijiji kipya, wala keshokutwa. Niliomba, nikalia, nikaambiwa watu wanajenga nchi mimi nalilia mbwa. Siku ya nane nikatoroka alfajiri, nikatembea mpaka jua la utosi.

Bibi alikuwa amekaa kando ya tenga. Mlango umefungwa, kwa fundo langu mwenyewe. Fito hazina alama mpya hata moja ya jino. Ndani kuna kanga yangu, imebonyea pale alipolala, na hakuna mbwa.

"Hakulia hata mara moja," bibi akasema. "Ulimfundisha vizuri."

"Yuko wapi?"

"Anakusubiri."

Akainuka, akakanyaga majani makavu bila sauti, akapotea mbele yangu, mchana kweupe.

Mama mkwe nilipomsimulia alishika kichwa. Enzi za Mjerumani, akasema, watu wa pale walipokimbia vita walimwacha bibi mmoja mgonjwa, wakamfungia mlango ili fisi wasimle. Wakamwambia, tunarudi.

Tangu hapo, kila jua likizama, nasikia pumzi za mtoto wa mbwa nyuma ya mlango wangu. Halii, hakwaruzi. Nikifungua, hakuna kitu. Nimesomewa dua, wapi! Saidi amekufa akidhani nimerukwa na akili. Na kinachoniua ni hiki: bila mafundisho yangu angelia, angeng'ata zile fito, pengine angetoka. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Basi wewe mwenye mtoto wa mbwa, mzoeshe tenga kwa upole, njia ya bibi haina kosa. Lakini kabla hujamwambia unarudi, jiulize kama miguu yako ni yako. Mimi neno hilo silitamki tena, hata kwa wanangu. Natoka tu bila kuaga. Na magharibi ikifika nakwenda kufungua mlango, ingawa najua sitamkuta.